Kabla Hujalipia Kitabu cha Picha za Van Gogh: Namna ya Kukikagua

Mchoraji Vincent van Gogh alifariki tarehe 29 Julai 1890, na hakimiliki ya picha zake ilikwisha zamani. Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kutoa kitabu chenye picha yake ya Usiku wa Nyota kwenye jalada, awe ni makumbusho yenye wataalamu na wapiga picha wake, awe ni mtu mwenye kompyuta na picha alizozipakua usiku mmoja. Wote hao wamevitoa, na kwenye meza ya muuza vitabu vya mitumba utavikuta vimelala ubavu kwa ubavu: kile cha miaka ya sitini chenye picha zilizobandikwa kwa gundi, kile kinene cha kupamba sebule, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya maonyesho fulani ya Ulaya kisha kikatupwa na maktaba, na kile cha juzi kisicho na jina la mwandishi.

Picha zenyewe ziko mbali, kwenye miji kama Amsterdam, Paris, London, New York na Chicago. Wengi wetu tutazijua kwenye karatasi tu, basi karatasi hiyo inabeba dhamana kubwa. Kitabu kupendeza ni jambo dogo. Linalotuhusu ni kama kinasema kweli juu ya kitu ambacho huwezi kutoka jioni ya leo ukaenda kukihakiki. Hatua zilizo hapa chini zinatumia Van Gogh kwa sababu historia yake imejaa mitego, na kila mtego ni kipimo cha bure cha kumpimia mwandishi na mchapishaji. Vifaa ni vitatu: rula, lenzi ndogo ya kukuzia, na simu.

Anza nyuma ya kitabu

Usianze na jalada, maana jalada ni kazi ya watu wa mauzo. Fungua kurasa za mwisho utafute vitu vitatu: faharasa, orodha ya vitabu alivyovitumia mwandishi, na shukrani kwa wenye picha. Hizo shukrani mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo kabisa, na ndizo zinazoonyesha picha zilitoka wapi. Ukikuta majina ya makumbusho moja moja, Van Gogh Museum, Musée d'Orsay, Kröller-Müller, Art Institute of Chicago, ujue kuna mtu aliomba faili nzuri kwa wenye mali. Ukikuta kimya kabisa, shuku.

Kisha rudi kwenye ukurasa wa hakimiliki uangalie mwaka. Angalia mwaka wa maandishi kutungwa, usidanganywe na mwaka wa chapa. Kitabu kinaweza kuchapwa upya leo kwa maandishi ya mwaka 1975 bila neno moja kuguswa. Kwa Van Gogh mwaka una uzito mkubwa. Mwaka 2009 barua zake zote zilitolewa upya kwa uhariri wa kitaalamu, katika majuzuu na kwenye intaneti. Mwaka 2013 Van Gogh Museum ilitangaza kwamba picha ya Machweo huko Montmajour, iliyokuwa imekataliwa kwa miaka mingi, ni yake kweli. Kwa hiyo kitabu kinachojiita mkusanyo wa picha zake zote na maandishi yake ni ya kabla ya hapo, hakiwezi kuwa kamili. Hilo si kosa la mwandishi, ila ni jambo la kulijua kabla ya kutoa pesa.

Kuna na upande wa pili. Mwaka 1928 Jacob-Baart de la Faille alitoa orodha kubwa ya kazi za Van Gogh, na ndani yake zikaingia picha za bandia zilizopitia kwa mfanyabiashara wa Berlin, Otto Wacker. Baadaye de la Faille mwenyewe alizikana nyingi, na Wacker akafikishwa mahakamani mwaka 1932. Kitabu cha zamani sana kinaweza kuwa bado kinazionyesha kana kwamba ni halali. Orodha ya de la Faille, baada ya kusahihishwa, ndiyo iliyozaa namba zinazoanza na herufi F. Jan Hulsker naye akatoa orodha yake, namba zake zikiwa na JH. Usiku wa Nyota ni F612 na pia ni JH1731. Kitabu kinachoweka namba hizi kimekupa ufunguo wa kutafuta picha hiyohiyo mahali pengine popote, hata kama jina limetafsiriwa vingine. Kwangu mimi namba za F zina thamani kuliko dibaji ya kurasa kumi.

Toa rula

Hapa ndipo vitabu vingi huanguka, na muuzaji atakutazama kwa mshangao ukipima. Mwache ashangae.

Vipimo vya picha huandikwa kimo kwanza, kisha upana. Usiku wa Nyota ni sentimita 73.7 kwa 92.1. Gawanya upana kwa kimo, utapata 1.25. Sasa pima picha iliyochapwa kitabuni ufanye hesabu hiyohiyo. Ikiwa upana wake ni sentimita 24, kimo kinapaswa kuwa kama 19.2. Ukikuta 17, mtu amekata. Sentimita mbili na ushei kwenye karatasi zinaonekana si kitu, lakini kwenye turubai lenyewe ni zaidi ya sentimita 8 za anga au za kijiji zilizoondolewa ili picha ikae vizuri kwenye ukurasa.

Kukata kipande ili kuonyesha undani hakuna ubaya, mradi kiandikwe kuwa ni sehemu ya picha. Ubaya ni kukikata kimyakimya na kukiita picha. Pima tatu au nne za maumbo tofauti. Wala Viazi ya mwaka 1885 ni 82 kwa 114, hivyo jibu ni 1.39. Chumba cha Kulala cha Amsterdam ni 72.4 kwa 91.3, jibu 1.26. Na Shamba la Ngano lenye Kunguru ni ndefu mno, 50.5 kwa 103, yaani upana ni mara mbili ya kimo na zaidi kidogo.

Hii ya mwisho ipime kwa makini, kwa sababu kule Auvers-sur-Oise, kijiji cha Ufaransa alikofika Mei 1890, Vincent alipenda sana turubai za umbo hilo, mraba mbili zilizounganishwa. Mchapishaji ana njia tatu za kuziweka: aichape ndogo kwenye ukurasa mmoja, aitandaze kwenye kurasa mbili zinazotazamana, au atengeneze ukurasa wa kukunjua. Akiitandaza kwenye kurasa mbili, tazama kinachotokea katikati. Je, njia ile ya katikati ya shamba imemezwa na mkunjo? Je, nusu ya kushoto na ya kulia zinakutana, au moja imepanda juu milimita tatu? Mimi ningependelea picha ndogo iliyo nzima kuliko kubwa iliyovunjwa mgongo.

Lenzi, na mwanga wa dirisha

Peleka kitabu penye mwanga wa mchana. Chini ya balbu ya njano utamhukumu Van Gogh wa balbu. Jua kali la moja kwa moja nalo halifai. Simama kivulini karibu na dirisha au mlango.

Weka lenzi juu ya ukingo mkali, mahali ambapo rangi mbili zinakutana, kwa mfano ukingo wa kiti au wa petali. Utaona nukta za wino za rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kwenye uchapaji mzuri nukta zimepangika, na ukingo ni mmoja. Kwenye uchapaji mbovu kuna kivuli cha waridi au samawati kimechungulia pembeni, kana kwamba picha ilitikisika. Hiyo ni sahani ya kuchapia rangi moja iliyosogea mtamboni, na ukiikuta kwenye ukurasa mmoja, fungua kurasa za jirani, maana kasoro hiyo mara nyingi hupita karatasi nzima ya mtamboni.

Ukiona vijiraba vidogo vyenye ngazi ngazi kwenye mistari iliyopaswa kuwa laini, hiyo ni faili ndogo ya intaneti iliyovutwa mpaka ikapasuka. Funga kitabu. Hakuna haja ya hatua nyingine.

Halafu angalia sehemu za giza. Wala Viazi ni kipimo kizuri kuliko Alizeti, ingawa hakuna anayeiweka kwenye jalada kwa wingi huo. Ni familia ya wakulima wa Nuenen, kijiji cha Uholanzi, chini ya taa moja, kwa rangi za kahawia na kijani iliyoiva. Katika chapa mbaya kuta na mabega huwa tope moja jeusi. Katika chapa nzuri utaona ukuta, utaona saa ya ukutani upande wa kushoto, utaona mikunjo ya nguo ya mtoto aliyetugeuzia mgongo. Kitabu kilichoimudu hii kimeimudu kazi.

Rangi: hapa kaa muda mrefu

Watu wengi hukagua rangi kwa kuuliza kama zinang'aa. Kwa Van Gogh hilo ni swali la hatari, kwa sababu wachapishaji wanajua mnunuzi anatarajia njano ya kuchoma macho, basi wanaongeza. Zaidi ya hapo, picha zenyewe zimebadilika tangu alipoweka brashi chini. Baadhi ya rangi alizozitumia hazikuwa imara. Zile nyekundu za aina iitwayo laki hufifia kwa mwanga, na njano ya kromu hugeuka kuelekea kahawia. Alijua. Aprili 1888 alimwandikia ndugu yake Theo kwamba rangi zilizoletwa na mtindo mpya hazidumu, na kwa hiyo afadhali kuziweka kali kupita kiasi, kwani wakati utazilainisha.

Ukitaka kipimo kimoja cha uaminifu wa kitabu, fungua Chumba cha Kulala. Tarehe 16 Oktoba 1888 Vincent alimweleza Theo picha hiyo rangi kwa rangi: kuta zambarau iliyopauka, sakafu ya vigae vyekundu, kitanda na viti njano ya siagi mbichi, blanketi jekundu, dirisha kijani, meza ya kunawia rangi ya chungwa, beseni buluu, milango zambarau nyepesi. Tazama sasa ukurasa. Kuta ni buluu. Milango ni buluu. Nyekundu iliyokuwa ndani ya zambarau imekufa, ikabaki buluu peke yake. Mwandishi anayeijua kazi yake atalisema jambo hilo hapohapo, kwa sentensi moja au mbili. Mwandishi asiyejua atakusifia utulivu wa kuta za buluu, na labda atakujengea nadharia nzima ya hali ya moyo wa mchoraji juu ya rangi ambayo mchoraji hakuiweka.

Jambo hilohilo limeyapata Mawaridi ya Mei 1890 yaliyoko Metropolitan Museum, New York. Leo ni maua karibu meupe. Alipoyachora yalikuwa ya waridi. Kitabu kinachoyaita mawaridi meupe bila maelezo kimeangalia picha kwenye skrini na kuishia hapo.

Na simu? Itumie, ila kwa akili. Makumbusho haya makubwa yameweka picha zao kwenye tovuti zao bila malipo. Zima kwanza ile hali ya usiku inayofanya skrini kuwa ya njano, kisha linganisha ukurasa na skrini. Usitafute rangi ziwe sawasawa, maana skrini inatoa mwanga na karatasi inaurudisha tu, na hazitalingana hata siku moja. Tafuta uhusiano: kipi ni cheupe kuliko kipi, kijani gani kinaelekea njano na kipi kinaelekea buluu, kivuli kiko upande gani. Kama kwenye tovuti mwezi wa Usiku wa Nyota umezidi nyota zote kwa mwanga na kitabuni unalingana nazo, wino umekosewa. Kama ukurasa wote umeegemea upande mmoja, tuseme kila kitu kina uwekundu, hata makaratasi na nguo nyeupe, hapo hakuna haja ya kubishana.

Fanya hivyo kwa picha tatu kutoka makumbusho tofauti. Moja ikiwa mbaya ni bahati mbaya ya faili. Tatu zikiwa mbaya kwa namna ileile ni tabia ya kitabu.

Unene wa rangi

Van Gogh aliweka rangi nzito, yenye mabonde na matuta, mara nyingine kana kwamba imetoka kwenye tyubu moja kwa moja. Karatasi ni bapa. Hakuna kitabu kitakachoshinda hapo, lakini kuna vinavyojitahidi. Vinavyojitahidi vinakuwa na kurasa za vipande vilivyokuzwa, na baadhi ya picha zimepigwa kwa mwanga wa kutoka ubavuni ili kila mgongo wa rangi utupe kivuli chake kidogo. Zuri kuliko yote ni kipande kilichochapwa kwa ukubwa wake halisi, na ikaandikwa hivyo. Hapo ndipo utaelewa upana wa brashi na mwendo wa mkono, kitu ambacho picha nzima iliyopunguzwa haiwezi kukupa. Kumbuka kwamba Wala Viazi yenye upana wa sentimita 114, ikiwekwa kwenye ukurasa wa sentimita 28, imepunguzwa hadi robo.

Maelezo chini ya picha

Maelezo yaliyo kamili yana jina, mwaka na ikiwezekana mwezi, mahali ilipochorwa, aina ya rangi na kitako chake (turubai, ubao au karatasi), vipimo, na mahali ilipo sasa. "Alizeti, 1888" hayatoshi hata kidogo, na sababu ni hii: alizeti za ndani ya chombo alizochora Arles, kusini mwa Ufaransa, ziko saba. Nne ni za Agosti 1888, nyingine ni marudio yake mwenyewe ya miezi iliyofuata. Ya London ina ukuta wa njano, ya Munich ina ukuta wa kijani-buluu, na nyingine ziko Amsterdam, Philadelphia na Tokyo. Moja imo mikononi mwa mtu binafsi. Moja haipo tena: iliungua Ashiya, Japani, Agosti 1945, kwenye mashambulizi ya mabomu ya vita vya pili. Ukitaka kumjaribu mwandishi, tafuta kama anaijua hiyo iliyoungua.

Chumba cha Kulala nacho kiko mara tatu. Cha kwanza, cha Oktoba 1888, kiko Amsterdam. Kiliharibiwa kidogo na maji, na Septemba 1889 Vincent akakirudia kwa ukubwa uleule, na hicho kiko Chicago. Kidogo zaidi, alichokichora kwa ajili ya mama yake na dada yake, kiko Musée d'Orsay. Zipo nakala za vitabu ambamo maandishi yanazungumzia cha Amsterdam na ukurasa wa pili unaonyesha cha Chicago. Angalia picha mbili zilizotundikwa juu ya kitanda. Katika cha Amsterdam ni rafiki zake, mchoraji Eugène Boch na mwanajeshi Milliet. Katika hivyo viwili vya baadaye nyuso zimebadilika.

Hapohapo hakikisha picha haikugeuzwa kushoto-kulia. Ile ya Mchoraji mwenye Sikio Lililofungwa Bendeji, iliyoko makumbusho ya Courtauld, London, inafaa: bendeji iko upande wa mkono wako wa kushoto unapoitazama, na ile chapa ya Kijapani ukutani iko upande wako wa kulia.

Sasa soma, lakini anzia kwenye mitego

Huna muda wa kusoma kitabu kizima dukani. Soma mahali panne.

Sikio. Usiku wa tarehe 23 Desemba 1888 alijikata sikio la kushoto. Kwenye picha ya Courtauld bendeji inaonekana kwenye sikio lake la kulia kwa sababu alijichora akijitazama kwenye kioo. Mwandishi anayeandika sikio la kulia amesoma picha bila kufikiri. Halafu, kiasi gani? Kwa miaka mingi vitabu viliandika ncha ya sikio. Mwaka 2016 ulitangazwa mchoro wa daktari Félix Rey, aliyemtibu Arles, ukionyesha kwamba sikio karibu lote liliondoka na kubaki kipande cha ndewe tu. Kitabu kipya kinachoendelea na ncha kimenakili vitabu vya zamani.

Picha ya utotoni. Ile ya kamera inayomwonyesha mvulana wa miaka kama kumi na mitatu, iliyozagaa kama Vincent mdogo, mwaka 2018 ilibainika ni Theo. Ukiikuta kwenye kitabu cha baada ya hapo ikiwa na jina la Vincent, mhariri amelala.

Picha moja aliyouza. Shamba Jekundu la Mizabibu lilinunuliwa na mchoraji Anna Boch kwa faranga 400 kwenye maonyesho ya Brussels mwanzoni mwa 1890. Hilo ni kweli. Lisilo kweli ni neno "pekee". Mwaka 1882 mjomba wake Cornelis alimwagiza michoro 12 ya mandhari ya The Hague akailipia. Hadithi ya picha moja inauza filamu na vikombe vya chai, na mwandishi makini huwa anaisogeza pembeni kwa adabu.

Picha ya mwisho. Kunguru wale weusi juu ya ngano wameandikwa kama kifo chenyewe kinachokuja. Lakini ngano ile aliichora karibu tarehe 10 Julai, na baada yake zikafuata kazi nyingine. Wataalamu wa Van Gogh Museum wanaona ya mwisho ni Mizizi ya Miti, picha iliyojaa mwanga na ambayo haikumalizika. Mwaka 2020 hata ukingo wa barabara ulioonyeshwa humo ulitambuliwa kwa msaada wa postikadi ya zamani. Kitabu kinaweza kumpenda kunguru, hakuna neno. Ila kikisema ndiye wa mwisho, ujue kimechagua hadithi kikaacha ushahidi.

Mwandishi akipita manne hayo, mwamini kwenye mengine. Akikosa mawili, nunua kwa ajili ya picha tu, kama picha zimefaulu.

Barua

Zimebaki zaidi ya barua 800 alizoandika Vincent, nyingi kwa Theo, kwa Kiholanzi na Kifaransa. Kila kitabu kinazinukuu, na intaneti imejaa maneno mazuri ambayo hakuyaandika kamwe. Tafuta nukuu yoyote kitabuni uangalie kama ina tarehe, au namba ya barua, au angalau jina la aliyeandikiwa. Kama ina namba, ifungue kwenye simu: barua zote ziko bure mtandaoni pamoja na tafsiri ya Kiingereza na picha za karatasi zenyewe. Dakika mbili zinatosha. Nukuu inayosimama peke yake ukurasa mzima kwa herufi za mapambo, bila tarehe, ichukulie kama picha ya ukuta.

Mwili wa kitabu

Fungua katikati ukiweke mezani. Kikibaki wazi chenyewe, mara nyingi kimeshonwa kwa uzi. Kikijifunga, huenda kimebandikwa kwa gundi, na cha gundi kizito chenye kurasa mia tatu kitaanza kuachia kurasa mapema. Chungulia juu ya mgongo: cha uzi utaona vifungu vya karatasi vilivyokunjwa.

Kwa walio pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, ongeza jambo moja. Karatasi ya kung'aa imepakwa udongo mweupe laini, na ikilowa kisha ikakauka ikiwa imefungwa, kurasa hushikana na hazitengani bila kuchubua picha. Pitisha kidole kwenye kingo tatu za kitabu cha mtumba. Ukihisi kurasa kadhaa zimekuwa ubao mmoja, rudisha. Karatasi isiyong'aa huvumilia zaidi, na pia haikurudishii taa ya sebuleni usoni, ingawa weusi wake huwa hafifu kidogo.

Angalia pia kama kurasa zimekatwa. Watu hung'oa Usiku wa Nyota wakaiweke fremu. Hesabu namba za kurasa pale inapopaswa kuwa.

Bei, na kipi uchukue

Kama fedha ni za kitabu kimoja, na mbele yako kuna kinene cha picha zote zilizochapwa kama stempu na chembamba cha maonyesho chenye picha sitini zilizochapwa vizuri, chukua chembamba. Nyingi ya zile zilizobaki utazipata kwenye tovuti za makumbusho kwa ukubwa kuliko stempu. Kinene kina faida kwa mwanafunzi au mwalimu anayehitaji namba za F na mpangilio wa miaka, basi.

Kitabu cha zamani cha rangi mbovu lakini chenye maandishi ya mtaalamu na bei ya chini, kichukue usome ukiwa na simu pembeni kwa ajili ya picha. Kinyume chake, chenye picha safi na maandishi ya kipuuzi, mpunguzie muuzaji bei kwa kumwonyesha lile sikio la kulia.

Na usiache kuuliza kama kuna kitabu cha michoro yake ya wino. Wanunuzi wengi hukipita kwa sababu hakina njano. Alifanya michoro zaidi ya elfu moja, na ile ya Arles na Montmajour ya 1888 aliichora kwa kalamu ya tete aliyoichonga mwenyewe, ndugu wa kalamu walizotumia wanakili wa tenzi kule Lamu na Pate: nukta, mikwaju, mawimbi mafupi, shamba zima limejaa hadi upeo wa macho. Wino kwenye karatasi huhamia kwenye karatasi nyingine kwa urahisi kuliko rangi ya mafuta, mchoro mara nyingi unatosha kwenye ukurasa bila kupunguzwa sana, na hata mtambo wa kawaida unaumudu. Kagua kitu kimoja tu: wino mwingi umegeuka kahawia kwa miaka, na kitabu kizuri kitakuwa kimeuacha kahawia ulivyo leo na kukuambia kwamba ulianza ukiwa mweusi au zambarau. Kilichougeuza kuwa mweusi tii kimeupaka rangi upya. Kwa kawaida vitabu hivi huwa chini kabisa ya rundo, na muuzaji huviuza kwa bei ya kuviondoa mezani.